Sentimita 11 za Hideko Maehata

Laza simu yako mezani uitazame kidogo. Sasa fikiria umeogelea mita 200 kwenye fainali ya Olimpiki, halafu unakosa dhahabu kwa umbali mfupi kuliko hiyo simu. Ndiyo yaliyompata Hideko Maehata, msichana wa Kijapani wa miaka 18, pale Los Angeles mwaka 1932. Yeye alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 6.4. Clare Dennis wa Australia, aliyekuwa na miaka 16 tu, alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 6.3. Piga hesabu ya kasi waliyokuwa nayo, unapata tofauti ya kama sentimita 11 za maji.

Na ujue siku hizo hakukuwa na vibao vya elektroniki vya kugusa ukutani. Watu walisimama kando ya bwawa wakiwa na saa za kubonyeza na kidole. Sehemu ya kumi ya sekunde haitoshi hata kupepesa jicho vizuri.

Wengi wanaoijua hii stori wanaijua kama stori ya motisha. Alikosa, akajikaza, miaka minne baadaye akashinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata dhahabu ya Olimpiki. Yote hayo ni kweli, hakuna uongo hapo. Lakini ikisimuliwa hivyo, kuna swali inaruka: ni nani alisema fedha haitoshi? Na kwa nini deni la nchi nzima liliwekwa kwenye mabega ya msichana mmoja? Hebu tuanze mwanzo, ndio tuelewane.

Binti wa watu wa tofu

Maehata alizaliwa tarehe 20 Mei 1914 katika mji wa Hashimoto, mkoa wa Wakayama, kando ya mto Kinokawa. Wazazi wake walikuwa watu wa kutengeneza na kuuza tofu. Kama hujawahi kuila, tofu ni chakula cha soya: maharage yanalowekwa, yanasagwa, maziwa yake yanachemshwa na kugandishwa mpaka yanakuwa kipande cheupe laini. Ni biashara ya kuamka kabla jogoo hajawika, na pesa yake si ya kujengea ghorofa.

Kuogelea alijifunzia mtoni. Mtindo wake ulikuwa ule tunaouita wa chura, mikono ikifungua maji mbele na miguu ikipiga teke la kando. Akiwa bado shule ya msingi tayari alikuwa anawaacha wenzake mbali. Mwaka 1929, akiwa na miaka 15, alipanda meli hadi Hawaii kwa mashindano ya wanawake. Akashinda mita 100 na kuwa wa pili kwenye mita 200. Mtoto wa duka la tofu, ng'ambo, anashinda. Watu wakaanza kuulizana huyu ni nani.

Mwaka huo huo akachukuliwa na shule ya wasichana ya Sugiyama katika jiji la Nagoya. Mwanzilishi wake, Masakazu Sugiyama, aliamini wasichana wanafaa kucheza michezo kwa bidii sawa na wavulana. Kwa Japani ya wakati ule, hilo halikuwa wazo la kila mtu. Msichana wa umri wake alitarajiwa kujifunza kushona, kupika na kungoja posa. Kuvaa nguo ya kuogelea mbele ya umati ilikuwa kesi nyingine kabisa.

Halafu ukafika mwaka 1931. Mwezi wa Januari mama yake akafariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Mwezi wa Juni baba yake naye akafuata, ugonjwa ule ule. Miezi mitano, wazazi wawili, na yeye ana miaka 17. Alirudi nyumbani, na kwa muda ikaonekana kuogelea kumeishia hapo. Shule ndiyo iliyomsihi arudi Nagoya. Akarudi.

Kuna neno moja la mama yake ambalo Maehata alilitaja maisha yake yote: ukianza jambo, lifikishe mwisho. Ni usia mzuri. Pia ni usia mzito, kwa sababu aliyeutoa ameshaenda na huwezi kumuuliza, mama, mwisho ni wapi?

Mbele yake alikuwepo dada mwingine

Kabla ya Maehata kulikuwa na Kinue Hitomi. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa Japani kupata medali ya Olimpiki, fedha ya mita 800 pale Amsterdam, tarehe 2 Agosti 1928. Olimpiki hiyo ndiyo ya kwanza kuruhusu wanawake kushindana kwenye riadha. Alikimbia, akaruka, akaandika, akazunguka kuomba michango ili wasichana wenzake waweze kusafiri kwenda mashindano. Alifariki tarehe 2 Agosti 1931, miaka mitatu kamili tangu siku ya ile medali. Alikuwa na miaka 24.

Kwa hiyo Maehata alipofika Los Angeles mwaka mmoja baadaye, hakukuwa na msururu wa akina dada waliotangulia ambao angewauliza hii kitu inabebwaje. Aliyefungua njia alikuwa kaburini. Wazazi wake walikuwa kaburini. Na wanaume wa timu yake walikuwa wanabeba dhahabu kama watu wanaobeba maembe: kati ya mashindano sita ya kuogelea ya wanaume mwaka huo, Japani ilishinda matano. Sasa weka fedha ya msichana kando ya dhahabu tano za wavulana, uone vile watu wataiangalia.

"Mbona haikuwa dhahabu?"

Maehata alirudi Japani akiwa anafikiria kuacha. Alikuwa na miaka 18, yatima, ana medali ya Olimpiki. Ukiniuliza mimi, huyo ameshamaliza kazi.

Lakini kwenye sherehe za kuwapokea alikuja meya wa Tokyo, Hidejiro Nagata. Badala ya pongezi peke yake, alimwambia jinsi alivyoumia: kwa nini hukupata dhahabu? Ile sehemu moja ya kumi ya sekunde inaniuma, miaka minne ijayo kule Berlin uilipize.

Wakenya tunamjua huyo mtu. Mwanariadha anashuka uwanja wa ndege na medali ya fedha shingoni, amelala masaa mawili, na kuna mtu aliyeshinda kwenye kochi ambaye anaandika, "Tumeshindwa." Tofauti ni kwamba Nagata hakuwa shabiki wa kochi. Alikuwa na hesabu zake. Tokyo ilikuwa inaomba kuandaa Olimpiki ya 1940, mwaka ambao serikali ilitaka kusherehekea miaka 2,600 ya ufalme wao kwa hesabu za hadithi za jadi. Kila dhahabu ilikuwa tangazo. Na msichana wa kwanza kuileta angekuwa tangazo kubwa.

Sisemi Nagata alikuwa mtu mbaya. Inawezekana kabisa aliumia kwa dhati. Lakini angalia kilichotendeka hapo: mtu mzima mwenye cheo amechukua hamu yake mwenyewe akaiweka mkononi mwa mtoto aliyefiwa, na mtoto akaondoka nayo akidhani ni yake.

Maehata alifikiria sana. Akakumbuka neno la mama. Akaamua kuendelea.

Mita 20,000 kwa siku

Mazoezi yake ya miaka hiyo yanasimuliwa mpaka leo: hadi mita 20,000 kwa siku. Kwenye bwawa la mita 25, hizo ni mara 800 kutoka ukuta hadi ukuta. Mtindo wa chura, ule wa polepole kuliko yote. Si mchezo.

Na kazi ilizaa. Tarehe 30 Septemba 1933 aliweka rekodi ya dunia ya mita 200: dakika 3 na sekunde 0.4. Yaani alikata sekunde sita nzima kutoka muda wake wa Los Angeles. Kumbuka alikuwa anatafuta sehemu moja ya kumi tu.

Naomba ushike hii namba, kwa sababu watu huiruka wakikimbilia Berlin. Mwogeleaji bora wa Maehata hakuwa yule wa 1936. Alikuwa huyu wa 1933, aliyeogelea nyumbani, bila Hitler jukwaani, bila nchi nzima kukesha. Siku ile alikuwa mwanamke mwenye kasi kuliko wote duniani kwenye mita 200 za mtindo wake. Lakini rekodi haina bendera inayopandishwa, kwa hiyo haikutosha.

Berlin

Olimpiki ya Berlin ilikuwa sherehe ya Wanazi. Jiji zima lilivishwa bendera za swastika, na serikali ilitaka kila ushindi wa Mjerumani uwe ushahidi wa upuuzi wao wa rangi na damu. Kwenye mita 200 za Maehata, mpinzani mkubwa alikuwa Martha Genenger, Mjerumani, akiogelea kwao.

Maehata alisimulia baadaye vile siku zile zilivyokuwa. Telegramu kutoka Japani zilimfikia kwa rundo, zote zikimtaka ashinde. Alikuwa ameshajiambia kwamba akishindwa hatarudi nyumbani akiwa hai. Kabla ya fainali alichukua hirizi ya karatasi, akaikunja, akaimeza kwa maji.

Soma hiyo tena polepole. Msichana wa miaka 22 anapanga kifo chake kwa sababu ya mashindano ya kuogelea. Stori za motisha huipitia hii sehemu haraka sana, kama vile ni kachumbari ya kuongeza ladha. Mimi naona hapa ndipo tunapaswa kusimama. Kama msichana angekuandikia maneno hayo leo usiku, ungemtumia emoji ya misuli? Ungempigia simu. Ungeenda kwao.

Fainali ilikuwa tarehe 11 Agosti 1936. Japani ilikuwa usiku wa manane, na watu walikuwa wamekaa mbele ya redio. Mtangazaji wa NHK, Sansei Kasai, alianza kwa kuwasihi wasizime redio, kwa sababu muda wa kipindi ulikuwa unaisha. Mbio zikaanza. Maehata akatangulia, Genenger akamfuata unyo kwa unyo. Mita 50 za mwisho Kasai akasahau kutangaza, akageuka shabiki. "Maehata, ganbare! Maehata, ganbare!" Ganbare ni neno la kumtia mtu moyo: jikaze, usilegee. Alilirudia zaidi ya mara 20. Halafu sauti ikapasuka: "Katta! Katta! Katta!" Ameshinda, ameshinda, ameshinda.

Maehata 3:03.6. Genenger 3:04.2. Wa tatu alikuwa Inge Sørensen wa Denmark, mtoto wa miaka 12. Naam, 12.

Umeona huo muda? Ni zaidi ya sekunde tatu nyuma ya rekodi yake mwenyewe. Alishinda dhahabu akiwa amepungua. Mwili uliomeza hirizi na telegramu zote zile haukuwa ule wa 1933.

Na kuna jambo lingine ambalo kila nikilifikiria linanikata. Ile kura ya kuamua Olimpiki ya 1940 itaenda wapi ilipigwa tarehe 31 Julai, siku 11 kabla ya fainali yake. Tokyo ilikuwa imeshashinda, kura 36 dhidi ya 27 za Helsinki. Hesabu ya meya ilikuwa imeshakamilika kabla Maehata hajagusa maji ya fainali. Lakini hakuna aliyemwambia sasa unaweza kuogelea kwa raha zako.

Ushindi ni wa nani?

Siku mbili kabla yake, tarehe 9 Agosti, dhahabu ya marathoni nayo ilihesabiwa kuwa ya Japani. Mshindi alikuwa Sohn Kee-chung, Mkorea. Japani ilikuwa imeitawala Korea tangu 1910, kwa hiyo alikimbia na bendera ya mtawala kifuani na jina lake likasomwa kwa Kijapani, Son Kitei. Gazeti la Dong-A Ilbo la huko kwao likachapisha picha yake likiwa limeifuta ile bendera. Serikali ya kikoloni ikalifungia gazeti kwa miezi kadhaa.

Ninamweka Sohn hapa kwa sababu anatuonyesha kitu ambacho kwa Maehata kimejificha. Sohn aliona wazi kwamba ushindi wake umechukuliwa, kwa sababu aliyeuchukua alikuwa mkoloni. Maehata uliochukuliwa ulichukuliwa na watu wake, kwa mapenzi, kwa machozi, redioni. Kelele za upendo nazo zina uzito. Aliye nyumbani anapiga kelele akiwa mkavu. Aliye majini ndiye anayezisikia akiwa hana pumzi.

Na hiyo nchi iliyokuwa na haraka ya dhahabu, iliifanyia nini? Julai 1937 Japani iliingia kwenye vita kamili na China. Mwaka 1938 ikairudisha Olimpiki ya 1940 yenyewe, haina nafasi, ina vita. Tokyo ilikuja kuandaa Olimpiki mwaka 1964. Na mwanamke mwingine wa Japani kushinda dhahabu ya kuogelea hakupatikana mpaka Mayumi Aoki, Munich, 1972. Miaka 36. Kama kelele na presha ndizo zinazotengeneza mabingwa, mbona walikaa miaka yote hiyo bila mwingine?

Maehata wa tatu

Mimi nahesabu Maehata watatu. Wa kwanza ni wa fedha, wa pili ni wa dhahabu. Wa tatu hana video inayosambaa, na ndiye ninayempenda.

Mwaka 1937 aliolewa na daktari, Masahiko Hyodo, akawa Hideko Hyodo, akaishi Gifu na kulea watoto. Mumewe alipofariki, alirudi kufanya kazi pale pale Sugiyama, shule iliyomchukua akiwa na miaka 15. Na miaka ya 1960 akaanza kitu ambacho hakuna meya aliyemtuma: madarasa ya kuogelea ya akina mama.

Fikiria ni nani walikuja. Wanawake wa umri wa kati, waliokua wakati wa vita, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia mwili wao unaweza kufanya kitu kingine zaidi ya kuzaa na kufanya kazi. Wengine hawajawahi kuweka uso ndani ya maji. Na anayewashika mkono ni yule yule ambaye jina lake lilipigiwa kelele na redio ya taifa. Hapo hakuna saa ya kubonyeza. Anayefika upande wa pili amefika.

Mwaka 1977 alikwenda Berlin akakutana tena na Martha Genenger. Wakaingia majini wakaogelea pamoja, wanawake wawili wenye miaka zaidi ya 60. Safari hii hakuna nchi iliyokuwa inakesha ikingoja matokeo.

Mwaka 1983 ugonjwa wa familia ukamfikia. Damu ilivuja kwenye ubongo, kama mama, kama baba. Yeye akapona. Akajifunza upya kuutumia mwili wake, akarudi kwenye bwawa. Hapo sasa ndipo naelewa lile neno la mama, ukianza jambo lifikishe mwisho. Mwisho haukuwa Berlin. Alipewa heshima nyingi: mwaka 1979 aliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya magwiji wa kuogelea, na mwaka 1990 serikali ya Japani ilimtambua kwa mchango wake kwa utamaduni wa nchi. Alifariki tarehe 24 Februari 1995, akiwa na miaka 80.

Sasa wewe

Najua kuna mtu atasema, lakini bila Nagata kumchoma roho, si angeacha? Pengine. Pengine pia angerudi majini kwa sababu zake, maana msichana aliyerudi kuogelea baada ya kuzika wazazi wawili hakuwa anakosa moyo. Na hata kama presha ndiyo iliyoleta dhahabu, bado lazima tuhesabu bei: msichana wa miaka 22 aliyeona kifo ni rahisi kuliko nafasi ya pili. Hiyo dhahabu ilikaribia kutugharimu zaidi ya miaka 58 ya mtu. Yale madarasa ya akina mama yote yako ndani ya hiyo miaka.

Kwa hivyo ukiwa na mdogo wako aliyepata B mkitegemea A, au rafiki aliyekosa nafasi ya chuo kwa pointi moja, au wewe mwenyewe umerudi nyumbani na fedha yako na watu wanauliza dhahabu iko wapi, kumbuka zile sentimita 11. Mwambie ajikaze kama kweli anataka kuendelea. Lakini kwanza muulize kama anataka. Na umpe hongera ya fedha, hongera nzima, bila "lakini" nyuma yake.